Tone la Kisigino

Sanduku lilifika Jumanne nyuma ya pikipiki ya Egesa,
limefungwa kwa mpira wa tairi, limefunikwa gunia,
kwani barabara ya Magombe ilikuwa bado inayatema maji ya Nzoia.
Ndani, vijikaratasi mia tano, vyembamba kama njiti za kiberiti,
vilivyobuniwa katika mji nisioweza kuutamka.
Tone moja la kisigino, dakika kumi,
na damu inasema yenyewe
jambo tulilolingojea miezi mitatu na nauli ya Kisumu.

Nilitia sahihi palipoandikwa MBIA.
Nikacheka kidogo. Mbia mwenye friji bovu
na glavu za kuhesabu.

Walituletea bango pia: chembe ya damu iliyopinda,
nyekundu juu ya samawati.
Watu wakauliza kama ni mwezi mwandamo,
kama zahanati siku hizi inafunga Ramadhani.
Nikalibandika tu. Agizo ni agizo.

Siku ya nne akaingia Perpetua Namudu,
matope ya mpunga yamemkaukia vifundoni,
binti wa siku tisa kifuani.
Alikuwa amezika wawili.
Wa kwanza, walisema ni jicho la jirani.
Wa pili, hawakusema kitu. Walimtazama yeye.

Nikachoma kisigino. Mtoto akalia, mama hakulia.
Mistari ilipojitokeza niliisoma mara mbili,
nikaiweka chini, nikaisoma tena,
kisha nikaanza maneno niliyofundishwa kwenye semina ya hoteli:
selimundu, urithi wa baba na mama,
kalamu yangu ikizungukazunguka bangoni.

"Kumbe si mwezi," akasema. "Ni mundu.
Mundu naujua."

Akauliza: zikishapinda, hufanya nini?
Hukwama, nikasema. Mishipani. Moja juu ya nyingine.
Akanyamaza, akamhamishia mtoto bega la pili.
"Kama mabua kwenye mfereji wa nne.
Maji yanasimama. Shamba la chini linalia
na wa juu hana habari.
Pale hutafuti mchawi.
Unafungua lango, unaongeza maji,
unatoa bua mojamoja, kila siku,
hata siku ambayo hukuona bua."

Miaka mitatu ya chuo, semina nne,
na hakuna aliyewahi kunieleza ugonjwa huu
nikahisi kiu.

Usiku ule niliwaandikia wa ng'ambo.
Sikuanza na asante.
Bango lenu ni zuri, niliandika, ila limepotea njia.
Tuchorewe mfereji. Tuchorewe lango.
Yuko kijana hapa anayechora vibao vya vinyozi; alipwe yeye.
Wiki tatu, kimya.
Kisha jibu: mkulima huyo ni nani, tungependa kumtaja.
Na chini kabisa, kama mtu aliyegeuka akiwa mlangoni:
mtoto anaitwaje? Fomu inatupa nambari tu.

Anaitwa Nekesa, nikajibu.
Jina la waliozaliwa wakati wa mavuno,
wakati wa mundu. Msiogope kucheka;
mama yake alicheka kwanza.

Bango jipya liko ukutani. Mfereji umechorwa mpana mno,
na kijana kaongeza bata ambaye hakuna aliyemwagiza.
Watu husimama mbele yake, kisha huomba maji ya kunywa.

Lakini chupa za penisilini zinatosha hadi Juni.
Barua ya mradi inasema Juni.
Mfereji haujui Juni.

Jana Perpetua alikuja na daftari la shule,
kalipiga mistari kwa rula ya kuazima,
asubuhi na jioni, ukurasa kwa ukurasa,
hadi Nekesa atimize miaka mitano.
Akalifungua juu ya meza yangu, palipo na nafasi tatu.
"Hapa utatia wewe," akasema,
"hapa watatia wao."
Nafasi ya tatu ilikuwa tayari na dole gumba,
wino wa buluu, na chembe ya matope
niliyoiacha ilipo.